Ugunduzi Uliofunikwa kwa Kawa

Hapo zamani, wakati watu walipokuwa wakila wakisikia njaa na kuacha wakishiba bila kumwuliza mtu, palikuwa na mji ukiitwa Shangwela, na katika mji huo alitawala Sultani jina lake Jabiri. Sultani Jabiri hakuwa mtu mbaya. Aibu yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba aliogopa kufa kuliko ilivyo kawaida ya watu wazima. Baba yake alikata roho mbele ya sinia, mkono mmoja ungali umeshika paja la kuku, na tangu siku ile mwanawe hakuweza kutazama chakula bila kukishuku.

Basi akaunda Baraza la Matabibu, akawaambia, "Kazi yenu ni moja. Nijulisheni mtu ale nini ili asife."

Matabibu wakatazamana. Jibu walilijua, lakini hapakuwa na mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka, wakasema, "Tutafanya utafiti, Maulana."

Mwanzoni walikutana kwenye kibanda kibovu nyuma ya ikulu, wakikaa juu ya mikeka iliyochanika, na mvua ikinyesha walihamisha vitabu kutoka pembe moja hadi nyingine. Ikawa siku moja akapita tajiri Mwinyimvua, mwenye mashamba ya miwa na vinu vya kuikamulia, akawatazama, akasikitika mno. "Haiwezekani," akasema, "watu wanaolinda uhai wetu wakae hivi." Akawajengea nyumba ya mawe, akawawekea mito ya hariri na birika la kahawa lisilopoa, na kila mmoja akampa punda mweupe wa kupanda. Akaapa hadharani kwamba hataki malipo. "Ni hisani tu," alisema, na kwa kweli hakuomba chochote. Alikuwa akija jioni, anakunywa kikombe kimoja nao, anataja kwamba mwaka huu miwa imekubali sana na ghala limejaa sukari guru mpaka mlangoni, kisha anaaga na kwenda zake.

Haukupita muda mrefu matabibu wakagundua kwamba damu ya binadamu kwa asili yake ni tamu, na kwamba asiyekula bonge la sukari guru kila alfajiri damu yake huchakaa.

Mkuu wa matabibu alikuwa Hakimu Burhani, mtu wa kilemba kikubwa na sauti ya polepole, ambaye hata akiomba chumvi ungedhani anatoa fatwa. Miongoni mwao alikuwamo pia tabibu mwanamke, Bi Shamsa, na yeye aliuliza kama haifai kwanza kuwatazama wanaokula sukari guru, wana hali gani. Wenzake walimsifu sana kwa swali lake. Wiki ile ile wakampeleka ng'ambo ya ghuba akachunguze afya ya kobe.

Sasa palikuwa na desturi katika mji ule, tangu enzi za babu zake Sultani, kwamba chakula kipya hakiliwi na raia mpaka Sultani awe amekila kwanza, hadharani, siku ya Ijumaa baada ya sala. Desturi hiyo iliwekwa ili mtawala asije akawalisha watu sumu. Basi kila matabibu walipogundua jambo, Sultani Jabiri alikuwa wa kwanza kulitia kinywani, na raia wakafuata. Alikula sukari guru mpaka meno mawili yakang'oka. Alikunywa mafuta ya ufuta, ambayo kwa bahati tu yalikuwa yakikamuliwa katika kinu kingine cha Mwinyimvua. Kisha akaambiwa ale mara saba kwa siku, kwa sababu tumbo likikaa tupu hujisaga lenyewe, akala mara saba, akawa hapandi ngazi bila kusukumwa.

Halafu likaja la nazi. Hakimu Burhani akatangaza kwamba tui la nazi huganda ndani ya mishipa kama linavyoganda juu ya sufuria. Wajane waliozika waume wa miaka themanini, waume waliokula wali wa nazi tangu walipoota meno, waliambiwa kwa upole kwamba marehemu waliuawa na nazi.

"Mbona imewachukua muda mrefu hivyo?" mmoja akauliza.

"Ni sumu ya polepole, bibi," akajibu Hakimu.

Sultani akapiga marufuku. Kupika kwa nazi kukawa ni kuhatarisha uhai wa raia, na chungu chochote kitakachokutwa na tui kichukuliwe.

Katika mji huo huo aliishi mtu mmoja akiitwa Ngwali, maskini wa kupindukia, asiye na shamba wala chombo wala kazi ya kueleweka. Mali yake yote ilikuwa ulimi. Aliyemlisha ni mkewe, Bi Mize, ambaye kila alfajiri alikuwa akipika mbaazi za nazi katika chungu kikubwa alichorithi kwa mama yake, akakaa nacho kwenye kona ya soko la makuli. Wapagazi walikula hapo kabla ya kubeba mizigo, na wasiokuwa na kitu mfukoni walikula vilevile, wakaambiwa watalipa wakikumbuka.

Basi asubuhi moja wakaja askari wawili. Walisimama kwanza pembeni wakinusa, kama watu wanaokumbuka jambo zuri.

"Bi Mize," akasema mmoja, "utuwie radhi. Tumetumwa chungu."

"Kimeua nani?"

"Hatukuambiwa. Tumeambiwa kina nazi."

"Wewe Mcha, si umekila hiki jana? Ukaomba na cha kukomba."

Yule askari akatazama chini. "Nilikula, mama. Ndiyo maana leo nimetumwa mimi, nakijua kilipo."

Wakakibeba, kingali cha moto, wakitembea polepole wasimwage, na wapagazi wakabaki wamesimama na sahani tupu. Bi Mize akarudi nyumbani, akamkuta mumewe amejinyoosha kibarazani akimweleza jirani jinsi samaki wanavyolala.

"Ngwali," akasema, "chungu cha mama yangu kimechukuliwa. Kesho hatuli, na keshokutwa hatuli. Wewe unayo maneno ya kutosha mji mzima, na miaka yote hii unayamwaga hapa bure. Inuka uyapeleke mahali yatakapofaa."

"Niyapeleke wapi?"

"Kilikokwenda chungu."

Ngwali akajifunga kikoi chake, akaenda ikulu. Akamkuta Sultani Jabiri amekaa kitini, amevimba miguu, kulia kwake Hakimu Burhani na matabibu wengine wamejipanga, kushoto kwake tajiri Mwinyimvua akipepewa na mtumishi. Ngwali akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

"Maulana, Mungu akuweke. Nimekuja kuomba chungu cha mke wangu."

"Chungu chenye nazi," akasema Sultani. "Mkeo alikuwa akiwaua wapagazi wangu."

"Amewaua kwa miaka kumi na mitano, Maulana, na kila asubuhi walirudi kuuawa tena. Sijapata kuona maiti wenye mabega kama yale."

Pale barazani watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Hakimu Burhani akasafisha koo. "Ewe Ngwali, mambo haya yana wataalamu wake. Sisi tumesoma. Wewe umesoma nini?"

"Sikusoma kitu, Hakimu, na wanaosoma nawaheshimu. Nilimheshimu sana Bi Shamsa. Kobe hawajambo huko?"

Hakimu akarekebisha kilemba chake.

"Ila utafiti mnaoufanya siku hizi," Ngwali akaendelea, "hata mimi naweza kuufanya, tena nikiwa nimelala."

Hapo Sultani akakasirika, kwa maana mtu aliyepoteza meno mawili kwa ajili ya utafiti hapendi kusikia kwamba ulikuwa rahisi. Akapiga mkono wa kiti, akasema, "Vema. Ijumaa ijayo matabibu wangu watatangaza ugunduzi mpya. Wao wenyewe bado hawaujui, ndiyo kwanza wanaanza kuutafuta. Wewe utaniletea ugunduzi huo hapa siku hiyo, kabla wao hawajafungua kinywa. Ukileta kingine, wewe na mkeo mtatoka katika mji huu kabla jua halijazama, wala msirudi."

"Na nikileta chenyewe?"

"Chungu chake kitarudi."

"Na ruhusa ya nazi?"

Sultani akameza mate kidogo, kwa kuwa kutajiwa nazi kulimkumbusha mambo ya utotoni. "Na ruhusa ya nazi," akasema.

Mwinyimvua akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakimu Burhani akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemwona mtoto akikimbilia mlango uliofungwa.

Ngwali akarudi nyumbani, akamsimulia mkewe, na Bi Mize akakaa chini kwa kishindo. "Nilikutuma chungu," akasema, "umeniletea safari ya kuhamishwa mji. Nilizaliwa nyumba hii, Ngwali. Mama yangu amezikwa hapo nyuma. Sasa utajuaje watakachogundua watu ambao wenyewe hawajui?"

"Hawajui wao. Yupo anayejua."

Kesho yake Ngwali akaenda kuzungukazunguka kwenye ghala la Mwinyimvua. Hakujificha. Alipita mbele, akapita nyuma, akawasalimu wapagazi waliokuwa wakila mihogo mikavu kwa huzuni, akawauliza kulikoni humo ndani. Wakamwambia kwamba sukari guru imekwisha yote, kwa sababu mji mzima unaila, na mafuta ya ufuta nayo yamekwisha. Kilichobaki ni mtama ulioingia unyevu, umeanza kuota ndani ya magunia. Na huko nyuma ya kinu kulikuwa na makapi.

Ngwali akaenda kuyatazama. Kwa vile sukari ilitakiwa sana, kinu kilisaga usiku na mchana, na makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa yalitupwa uani, yakapanda mpaka yakaupita ukuta. Kuyachoma wameshindwa, mvua zimeyalowesha. Punda wa kinu waliyanusa, wakageuza vichwa. Juu yake nzi walikuwa wamefanya mji wao, labda na Sultani wao.

Akarudi kwa mkewe. "Viko viwili," akasema. "Mtama unaoota na makapi. Nikikosea, tumehama."

Bi Mize akafikiri huku akichambua mchicha, maana hakuwa na kingine cha kupika. "Mtama ulioota watu wa pombe wanaununua," akasema. "Hana haja ya tabibu kwa mtama. Wewe tafuta kile ambacho hakuna mtu mwenye akili zake atakayekinunua bila kuamrishwa."

"Basi ni makapi."

"Ni makapi, lakini pengine hana haraka nayo. Atayaacha hapo mpaka mwakani, na Ijumaa watagundua mtama, na sisi tuko njiani na mikeka kichwani."

"Hapo umesema," akajibu Ngwali. "Inabidi tumtie haraka."

Basi siku iliyofuata Ngwali akachukua kigoda, akakaa kwenye njia inayopita kando ya ule ukuta. Kila aliyepita alimsalimu kwa adabu, kisha akamwambia, "Pole sana kwa harufu."

"Harufu gani?" watu waliuliza, kwa kuwa walikwisha kuizoea. Wakisimama kunusa, wakaisikia, na wakisha kuisikia hawakuweza tena kuacha kuisikia. Ilipofika alasiri wanawake wa mtaa ule walikuwa wamekusanyika mlangoni kwa Mwinyimvua, na mbele yao Bi Kazija, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuvuka mitaa mitatu.

"Bwana Mwinyimvua," akasema Bi Kazija, "mimi nina posa ya mjukuu wangu mwezi huu. Wageni watakuja hapa wadhani tunaozesha maiti. Mlima wako huo unaondoka lini?"

Mwinyimvua akatoka, akatazama umati, akatazama mlima, akafuta jasho. "Jamani, nipeni nafasi. Ijumaa hautabaki. Naapa kwa Mungu, Ijumaa jioni mtaanza kuusahau."

Ngwali aliposikia neno Ijumaa akachukua kigoda chake, akaenda nyumbani kulala.

Siku ilipofika, Bi Mize akatoa kawa lake la ukindu wa rangi, lile la kufunikia chakula aliloletewa harusini, na chini yake akaweka sinia dogo. Huko Shangwela, kama ilivyo kwa watu waungwana popote, kawa la mtu halifunuliwi mpaka mwenyewe aseme karibu. Kulichungulia kabla ya hapo ni kumwambia mwenye chakula kwamba humwamini, na watu walikwisha kuachana na kununiana miaka kwa jambo hilo. Basi Ngwali aliingia ikulu na sinia kichwani mbele ya walinzi wote, nao wakalitazama kawa kwa hamu kubwa, wakalizunguka, wakalinusa kwa mbali, wala hapana aliyeligusa. Akalitua mbele ya Sultani, matabibu wangali njiani.

"Ndio huo?" akauliza Sultani.

"Ndiyo, Maulana. Ugunduzi wa leo."

Baada ya sala watu wakajaa barazani. Hakimu Burhani akaingia na wenzake, akaliona kawa, akasimama. "Ewe Ngwali, kuna nini humo?"

"Wewe ndiwe mgunduzi, Hakimu. Mimi nimekuchukulia tu mzigo."

Watu wakacheka. Hakimu akakaa kwenye mto wake wa hariri, lakini hakukaa vizuri. Na sasa ndipo fikra ilipomjia, nayo ilikuwa fikra njema kwa upande wake. Hakuwa na haja ya kujua kilichomo ndani ya kawa. Alichohitaji ni kutaja kitu kingine chochote, kisiwe kile walichokiandaa. Akisema papai, Ngwali amekwisha. Akisema dagaa, Ngwali amekwisha. Vyakula vyote vilivyoumbwa vilikuwa vyake, achague apendacho, na mpumbavu yule angetoka mjini kabla ya jua kuzama.

Ngwali alimwona akifikiri, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lilipoanza akaanza kuhesabu mikeka ya kufunga. Bi Mize, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake, akashika nguzo.

"Tunakusikiliza," akasema Sultani.

Hakimu Burhani akasimama. Akafungua kinywa. Kisha akamtazama Mwinyimvua, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa. Mwinyimvua alikuwa akiutazama ule mto wa hariri, akiupapasa upindo wake kwa vidole, taratibu, kama mtu anayekumbuka aliununua wapi. Na nje ya dirisha, Hakimu aliona mikokoteni imekwisha kupangwa, imejaa magunia mapya yaliyoshonwa vizuri, na wachukuzi wakingoja ishara.

Akafunga kinywa. Akakifungua tena. Kijasho kikamtoka chini ya kilemba.

"Maulana," akasema kwa sauti ndogo kuliko ilivyo kawaida yake, "baada ya utafiti mrefu, usio na upendeleo, tumegundua kwamba katika muwa utamu ni jambo la juujuu. Faida yenyewe imo katika kile ambacho watu, kwa kutojua, wamekuwa wakikitema. Nyuzi za muwa husugua utumbo kama dodoki linavyosugua mgongo. Kila mtu na atafune kikombe kizima cha makapi kabla ya kila mlo."

"Kabla ya milo yote saba?" akauliza Sultani.

"Yote saba, Maulana."

Ngwali akainama, akasema, "Karibu, Maulana," na Sultani akanyoosha mkono, akalifunua kawa.

Yalikuwa makapi. Yalikuwa ya kahawia, yenye unyevu, na nzi wawili waliosafiri nayo tangu uani wakaruka, mmoja akatua kwenye kilemba cha Hakimu.

Lakini Hakimu Burhani hakuwa mkuu wa matabibu bure. Akatanua mikono, akasema, "Tazameni enyi watu, ukweli wa elimu. Hata mpumbavu ameuona mwenyewe."

"Ni kweli," akasema Ngwali, "na kwa kuwa tumeafikiana wawili, mwenye elimu na asiye nayo, hakuna tena shaka. Maulana, desturi ya babu zako inajulikana. Raia wana njaa na wamekwisha kuamrishwa, ila hawawezi kuanza kabla yako. Nimekuchagulia ya chini, hayakupata mvua nyingi."

Akalisogeza sinia karibu na magoti ya Sultani, kwa heshima zote.

Sultani Jabiri akalitazama. Umati wote ukamtazama yeye. Akachukua unyuzi mmoja kwa vidole viwili, akauinua, akaunusa. Aliona mbele yake milo saba kwa siku, na kabla ya kila mlo kikombe, mpaka mwisho wa umri wake, ambao kwa mara ya kwanza aliutamani usiwe mrefu sana. Akamgeukia Hakimu.

"Uchungu wa dawa huonjwa kwanza na mganga," akasema. "Tafuna."

Hakimu akapokea, akatia kinywani, akatafuna. Watu wakangoja. Akatafuna upande wa kulia, akahamishia wa kushoto. Muadhini angeweza kuadhini akamaliza, na Hakimu bado anatafuna.

"Yakoje?" akauliza Sultani.

"Yana..." akasema Hakimu, akatafuna tena. "Yana faida, Maulana."

"Faida kwa nani?"

Hakimu akaonyesha kwa kidole kinywa kilichojaa. Sultani akageuka upande wa kushoto. "Na wewe, Bwana Mwinyimvua. Karibu utie mkono."

Mwinyimvua akaweka mkono kifuani, akainama. "Maulana, utanisamehe. Mimi nauza tu. Sikusema hata siku moja kwamba nakula."

Naye alisema kweli, hakuwa amesema. Hata juu ya sukari guru hakuwa amesema. Sultani akakaa akiyapima maneno hayo, ulimi wake ukiwa umetulia kwenye pengo la meno mawili. Kisha akamwuliza Ngwali, "Umejuaje? Sema kweli, usinitajie majini."

"Maulana, sikutumia majini, majini yana gharama. Nilipita nyuma ya ghala, nikatazama kilichokuwa kinaoza."

"Basi?"

"Basi. Mwaka wa miwa mingi, damu yetu ilikuwa tamu. Mwaka wa ufuta mwingi, nazi ikawa sumu. Mwaka huu ni wa makapi. Hakimu anasoma vitabu, mimi nasoma magunia, na tumefika ukurasa mmoja."

Sultani akaanza kutikisika. Watu walidhani ni hasira, wakarudi nyuma, lakini kilianza kicheko tumboni, kikapanda, kikamtoka kwenye lile pengo kama filimbi. Akacheka mpaka watumishi wakamshika asianguke, na baraza lote likacheka, na askari Mcha akacheka kuliko wote, kisha akakimbilia ghala la ikulu bila kuamrishwa, akarudi amekumbatia chungu cha Bi Mize. Kilikuwa kisafi kabisa ndani. Hapana aliyeuliza kilisafishwa na nani.

Kisha Sultani akatoa hukumu. Nazi iruhusiwe. Bi Shamsa aitwe kutoka kwa kobe, aje aongoze Baraza, na aanze na lile swali lake. Matabibu warudi kwenye kibanda chao cha zamani, kitengenezwe paa kwa gharama ya Sultani mwenyewe, maana ni yeye aliyetaka ushauri, ilimpasa yeye awakalishe. Mito ya hariri na punda weupe virudishwe kwa mwenyewe, na hisani yake imeonekana, ahsante sana. Tena tangu siku hiyo, kabla ya ugunduzi wowote kutangazwa, mpiga mbiu atangulie mitaani atangaze kila tajiri ana nini ghalani, watu wajue, kisha ndipo matabibu waseme.

"Na makapi, Maulana?" akauliza Bi Kazija kutoka nyuma. "Aliapa Ijumaa."

"Makapi yataliwa, kama walivyoshauri," akasema Sultani. "Yataliwa na walioshauri, kikombe kabla ya mlo, mpaka mlima uishe. Mwenye mlima ale nao, wasijione wapweke."

Inasimuliwa kwamba jioni ile ile Mwinyimvua aliajiri wachukuzi wote wa mji, akauzika mlima wote shambani kwake kabla ya chakula cha usiku, na miwa iliyoota hapo mwaka uliofuata haikuwa na mfano. Kwa hiyo makapi yalikuwa na faida kweli, ila si kwa njia ya tumbo.

Asubuhi yake kukanyesha mvua kubwa. Sultani Jabiri akaamka, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kumwambia ale nini. Akahangaika. Akamwita Ngwali.

"Ewe Ngwali," akasema, "umeniondolea washauri, na Bi Shamsa bado yuko njiani. Nimekaa hapa tangu alfajiri naogopa hata ndizi. Nishauri wewe. Nile nini leo?"

Ngwali akafikiri kidogo. "Maulana, leo ningekushauri mbaazi za nazi."

Uso wa Sultani ukang'aa. Akainua mkono kutoa amri, mji mzima ule mbaazi za nazi, na mkono ukaishia hewani. Akaushusha polepole. Akamkazia macho Ngwali.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mkeo amepika kiasi gani leo?"

Ngwali akatazama vidole vya miguu yake. "Chungu kizima, Maulana."

"Na wapagazi?"

"Hawakutokea hata mmoja. Mvua."

Wakatazamana. Kisha Sultani akacheka tena, safari hii polepole, kama mtu anayejifunza kutembea. "Kilete hapa," akasema. "Lakini nitakula kwa sababu nina njaa. Amri sitoi."

Kikaletwa kimefunikwa kwa kawa, Bi Mize akasema karibu, na Sultani akala sahani mbili, akaacha aliposhiba, wala hakumwuliza mtu.

Hekaya yetu imefika mwisho wake, aliyeisikia na aichambue kabla ya kuimeza, na ijulikane kwamba msimulizi hana mnazi hata mmoja.